Je, wajua kwa nini wahandisi wa mazingira Arusha huchoma mifupa ya ng'ombe?

Ukipita vijiji vya chini ya Mlima Meru, maeneo ya Ngurdoto na Maji ya Chai, utakutana na watu wengi wenye meno ya kahawia. Wageni hudhani hawapigi mswaki. Si kweli, na inauma kusikia watoto wakisemwa hivyo. Meno hayo yaliharibika kabla hayajaota, gamba lake lilipokuwa likijengeka ndani ya ufizi, kwa sababu ya madini ya floraidi yaliyomo kwenye maji ya kunywa.

Meru ni mlima wa volkano, na maji yanayopenya kwenye miamba yake huyeyusha floraidi. Kwingine kalsiamu huikamata floraidi hiyo ikatuama. Maji ya huku yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, hivyo inabaki majini, haionekani wala hainuki. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale. Magadi tunayolainishia makande nayo huongeza. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi 8, maana vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine.

Hapo ndipo mifupa inapoingia. Madini yanayojenga mfupa huvuta floraidi, ndiyo maana aliyekunywa maji hayo miaka mingi anaweza kupinda miguu au kukakamaa mgongo. Wahandisi wameigeuza tabia hiyohiyo kuwa kinga: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa punje, kisha maji hupitishwa humo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi.

Uchomaji wenyewe una ufundi wake. Mkaa mzuri wa mifupa ni mweusi. Ukitoka mweupe, moto ulizidi na nguvu ya kunasa floraidi imepungua. Ukiyapa maji rangi ya njano na harufu, haukuiva, na hakuna mama atakayempa mwanawe maji hayo, hata umwoneshe vipimo vya maabara. Wengine watauliza kwanza ni mifupa ya mnyama gani. Wana haki ya kuuliza, na mhandisi awe na jibu.

Ndiyo maana masomo ya uhandisi wa mazingira yana kemia nyingi kuliko wengi wanavyotarajia wanapojaza fomu. Shahada ya kwanza husomwa miaka 4, kwa mfano Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, mkoani Arusha, hupokea wa uzamili na uzamivu, na kwao tatizo liko nje ya geti. Mhadhiri wake, Askwar Hilonga, alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015 kwa chujio la maji.

Kwa maoni yangu, kazi ngumu huanza baada ya chujio la mkaa wa mifupa kufungwa nyumbani. Mkaa hujaa floraidi, na siku unapojaa ladha ya maji haibadiliki. Bila kupima huwezi kujua. Unaweza kuoshwa kwa kemikali kali ya sodiamu ukatumika tena, lakini maji ya kuoshea hutoka yamebeba floraidi yote, nayo yanahitaji mahali pa kumwagwa pasipo na kisima cha mtu.