Mng'ao kwenye kioo cha pinboli: yanayosemwa na yaliyo kweli

Pinboli ni meza ndefu yenye kioo juu. Chini ya kioo hicho, gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi huteremka kwenye uwanja ulioinama kwa nyuzi 6.5, na mchezaji huirudisha juu kwa vibao viwili vinavyoendeshwa kwa vitufe vya ubavuni. Mwisho wa meza ulio mbali na mchezaji kumesimama kichwa cha mashine: sanduku lenye picha inayomulikwa kutoka ndani, spika na, kwenye mashine za miaka ya karibuni, skrini kubwa. Kwa miongo mingi mashine hizi, nyingi zikiwa zimetengenezwa Chicago, zilikuwa za baa na kumbi za michezo. Leo Wamarekani wengi wanazo nyumbani, kwenye chumba cha chini ya nyumba kisicho na dirisha hata moja.

Huko ndiko malalamiko yanakoanzia. Gololi inapanda sehemu ya juu ya uwanja, inaingia ndani ya mng'ao wa picha ya kichwa uliolala juu ya kioo, na mchezaji haioni tena mpaka iwe imeshafika kwenye vibao. Ushauri wa kumaliza tatizo hili haukosekani, ila mwingi wake unaanza na kufungua pochi, na baadhi yake unaongeza tatizo lenyewe.

Dhana: Ukizima taa zote za chumba, mng'ao unakwisha

Hii imeenea kuliko zote. Ukizima taa ya dari umeondoa chanzo kimoja, lakini mashine yenyewe imejaa vyanzo vingine, na gizani ndivyo vinavyotawala.

Kioo cha kawaida hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake. Kina nyuso mbili, kwa hiyo ukikitazama wima kinarudisha asilimia 8 hivi. Ukikitazama kwa mshazari kiasi hicho kinapanda haraka. Kwa nyuzi 60, zikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya kioo, ni kama asilimia 16. Kwa nyuzi 75 ni kama asilimia 40. Sasa chukua skrini ya kichwa yenye mwanga wa kandela 300 kwa kila mita ya mraba, kiwango cha kawaida cha skrini ya kompyuta. Kwa pembe ya nyuzi 60, kandela karibu 50 kati ya hizo zinamrudia mchezaji usoni. Sehemu ya uwanja iliyochorwa kwa rangi nyeusi au buluu nzito, isiyo na taa jirani, haikaribii kiwango hicho. Ni kama dirisha la sebule usiku: ndani taa zinawaka, nje ni giza, nawe badala ya kuona uani unajiona mwenyewe.

Macho nayo yanachangia. Mboni ambayo mchana hubana hadi milimita 2 hivi, gizani hufunguka hadi 7 au zaidi, na taa ileile inakuwa kama inachoma. Kwa hiyo chumba cha pinboli hakitakiwi giza totoro. Kinahitaji mwanga hafifu unaoangukia uwanjani na kuinua zile sehemu nyeusi, bila taa yenyewe kuonekana kwenye kioo. Kazi yote iko katika kujua taa hiyo ikae wapi.

Dhana: Taa iliyo nyuma ya mchezaji ndiyo mbaya, na iliyo juu ya mashine ndiyo nzuri

Ni kinyume kabisa. Hapa afadhali tuende polepole, kwa sababu ukilielewa hili mengine mengi yanajibika yenyewe.

Mwanga unaogonga kioo huondoka kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Mchezaji amesimama mwisho wa mashine unaokabili kichwa, macho yake yakiwa sentimita 60 hadi 70 juu ya usawa wa kioo. Akitazama sehemu ya kioo iliyo karibu naye, mstari wa macho yake unashuka karibu wima, unadunda, na kupanda karibu wima. Unafika darini, juu ya mashine hasa. Akitazama katikati, mstari unadunda kwa mlalo zaidi na kugonga sehemu ya juu ya kichwa cha mashine. Akitazama mbali, kule ambako gololi inazungushwa na kurushwa, mstari unadunda na kuingia moja kwa moja kwenye picha au skrini ya kichwa.

Kwa maneno mengine, nusu ya juu ya kioo ni kioo cha kujitazamia cha kichwa cha mashine, na nusu ya chini inaonyesha ukanda wa dari ulio juu ya mashine yenyewe. Taa iliyo nyuma ya mgongo wa mchezaji haimo kabisa katika njia hiyo. Inaweza kuonekana kwenye kioo cha kichwa kwa kuwa kile kimesimama wima, lakini gololi ikiwa hai nani anatazama huko? Hata mashine zilizopangwa ukuta wa pili, zikiwa zimekuelekea mgongoni, taa zake zinaishia kwenye kioo hicho cha wima na haziugusi uwanja.

Ndiyo maana inashangaza kuona mtu amefunga reli ya taa ndogondogo darini, taa moja juu ya kila mashine, akidhani ameupamba ukumbi. Ameweka kila taa pale pale ambapo kioo kinaitafuta. Zisogeze nyuma ya mahali anaposimama mchezaji, au zigeuze zimulike ukuta ulio nyuma yake. Utepe wa LED chini ya tumbo la mashine, unaomulika sakafu, ni salama pia: mwanga unasambaa chumbani na hakuna pembe inayoufikisha kwenye kioo.

Usiyakubali haya kwa maneno matupu. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, kilaze juu ya kioo cha mashine pale mng'ao unapokusumbua, kisha simama kama unavyosimama ukicheza. Taa utakayoiona ndani yake ndiyo hiyo unayoitafuta. Ukiona kichwa cha mashine, kifunike kwa kadibodi nyeusi na ucheze gololi moja au mbili. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinakuambia kama kweli unahitaji kununua chochote.

Dhana: Kioo cha kufifisha na kioo kisichoakisi ni kitu kimoja

Wauzaji huchanganya majina, na wanunuzi hulipia mchanganyiko huo. Kioo cha kufifisha uso wake umekwaruzwa kwa dawa au kupakwa utando wenye chembechembe. Mwanga ukigonga hapo hautoki kama picha kamili, unatawanyika kama ukungu. Kwenye fremu ya picha ya ukutani kinafaa, kwa sababu picha imegusana na kioo. Kwenye pinboli uwanja uko sentimita kadhaa chini, na upande wa mbali ni chini zaidi. Uso uleule unaotawanya taa unatawanya na mwanga unaotoka uwanjani. Maandishi yanavimba, taa zinapata ukungu, na gololi inakuwa doa. Filamu za kubandika zinazouzwa kwa ajili ya skrini za kompyuta ni za aina hii, na ubandikaji wake juu ya eneo kubwa hivyo ni kazi ya kutoa jasho kwa matokeo mabaya.

Kioo kisichoakisi kinatumia njia nyingine. Kimepakwa tabaka jembamba mno, unene wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwanga unaorudi kutoka juu ya tabaka na ule unaorudi kutoka chini yake vinapishana nusu ya wimbi na kufutana. Uso unabaki laini, na kinachotoka chini kinapita bila kuharibika. Kioo kizuri cha aina hii kinashusha ule uakisi wa asilimia 8 hadi chini ya asilimia 1 ukikitazama wima. Utakitambua kwa rangi ya zambarau au kijani kidogo kwenye kile kinachobaki.

Dhana: Ukishanunua kioo hicho umemaliza

Umepunguza sana, hujamaliza. Tabaka limepimwa kwa mwanga unaoingia karibu wima. Kadiri mshazari unavyoongezeka nguvu yake inapungua, na tumeshaona kwamba kichwa cha mashine kinaonekana kwenye kioo kwa pembe za karibu nyuzi 60. Bado ni bora kuliko kioo cha kawaida, bora kwa mbali, lakini skrini kali itaonekana.

Pia kinaonyesha uchafu kuliko unavyotarajia. Mafuta ya vidole yanavuruga ule ufutanaji wa mawimbi, na kila kiganja kinaacha alama ya rangi. Kifute kwa kitambaa laini na dawa isiyo na amonia. Bei yake ni mamia ya dola, wakati kile cha kawaida ni makumi. Maoni yangu ni kwamba pesa hizo zitoke baada ya taa kuhamishwa na kichwa kupunguzwa mwanga, na si kabla.

Kupunguza mwanga wa kichwa ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye mashine mpya, pitia kwanza menyu ya mipangilio uone kama mwanga wa skrini na wa picha unapunguzika. Kwenye mashine za zamani zenye balbu za volti 6.3, kuna hila ya mafundi: balbu namba 44 hula ampea 0.25, na namba 47 inayoingia kwenye soketi hiyohiyo hula 0.15. Ukibadilisha, mwanga unapungua na joto pia, na joto ndilo linalobandua rangi kwenye picha za vioo vya zamani. Usipachike karatasi kuzunguka balbu za moto ili kuzififisha.

Dhana: LED kali zaidi zinauonyesha uwanja vizuri zaidi

Hapa tunahama kutoka mng'ao wa kioo kwenda mng'ao ambao kioo hakihusiki nao. LED yenye kichwa cheupe angavu, ikichomekwa pale balbu ilipokuwa imekaa wazi juu ya uwanja, inampiga mchezaji machoni moja kwa moja kama tochi. Tena inajiakisi kwenye gololi, kwenye reli za chuma na kwenye plastiki. Unaweza kuondoa kioo chote na tatizo likabaki palepale.

Tofautisha mahali. Chini ya vidirisha vya rangi vilivyo kwenye mbao za uwanja, LED angavu inafaa, maana plastiki inaufunika ukali wake. Zile zilizo wazi, hasa karibu na vibao ambako macho hutulia muda mrefu, ziwe zenye kifuniko cheupe kama maziwa na mwanga wa joto unaokaribia manjano. Kuna na kumetameta: kwenye mashine nyingi za zamani taa hizi za kawaida hupewa umeme wa mkondo geu, na LED rahisi inawaka na kuzimika pamoja na wimbi la umeme, mara 60 kwa sekunde huko Marekani. Gololi inayokwenda kasi inaonekana inaruka hatua. Nunua zenye kirekebishaji ndani yake, yaani kifaa kinachougeuza mkondo geu kuwa wa upande mmoja.

Dhana: Inua miguu ya nyuma, mng'ao utahama

Utahama, kidogo. Kila nyuzi moja ya mwinamo inageuza taswira kwa nyuzi mbili, na skrubu za miguuni hazina nafasi ya kuitoa taswira ya kichwa nje ya kioo. Utakachopata ni mchezo wenye kasi zaidi.

Dhana: Vaa miwani ya jua ya polaraizi

Wanaosema hivi hawajakosea fizikia. Mwanafizikia wa Uskoti David Brewster alionyesha mwaka 1815 kwamba kuna pembe ambayo mwanga unaorudishwa na kioo hutetema upande mmoja tu. Kwa kioo cha kawaida ni nyuzi 56 hivi, na miwani ya polaraizi huzuia mtetemo huo hasa. Pembe hiyo inaangukia palepale kichwa cha mashine kinapoonekana. Shida ni kwamba miwani hiyo inakata pia zaidi ya nusu ya mwanga wa uwanja, ndani ya chumba ambacho tayari ni hafifu. Kwenye ukumbi wenye taa kali inaweza kukusaidia. Chumbani gizani unabadilisha upofu mmoja kwa mwingine.

Dhana: Basi cheza bila kioo

Gololi ya gramu 80 inayorushwa na sumaku ya umeme inaruka juu ya uwanja mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, na kioo ndicho kinachoirudisha chini. Kiondoe kwa usafi na matengenezo tu. Hata hapo angalia unakiweka wapi: ni kioo kilichoimarishwa kwa joto, sentimita 53 kwa 109 kwenye mashine nyingi, na hakiwezi kukatwa tena baada ya kuimarishwa. Kinavumilia gololi katikati ya uso wake, lakini kona yake ikigonga sakafu ya vigae kinamwagika chote kuwa chembechembe. Weka zulia au vipande viwili vya mbao chini yake, na ukiegemeze ukutani kwa upande mrefu.