Uingiaji kwenye mfumo wa taasisi: anza na walioondoka

Ninapokagua uingiaji kwenye mfumo wa taasisi, nywila huja baadaye. Kwanza naomba orodha mbili: akaunti zilizo hai, na watumishi walioko kazini leo kwa mujibu wa ofisi ya utumishi. Ziweke sambamba. Jina lililopo kwenye orodha ya akaunti tu linahitaji maelezo siku hiyohiyo.

Majina hayo hurundikana kwa sababu rahisi. Mtumishi mpya asipofunguliwa akaunti hawezi kufanya kazi, kwa hiyo atakufuata hadi aipate. Anayeondoka hana haja ya kukufuata. Ndiyo maana ufungaji usitegemee mtu kukumbuka: weka tarehe ya ukomo tangu akaunti inapofunguliwa. Active Directory, saraka ya Microsoft inayotunza akaunti za watumiaji, ina sehemu ya tarehe hiyo kwa kila akaunti. Wa mkataba awekewe siku mkataba unapokwisha, na ukihuishwa, tarehe isogezwe.

Muda ukifika, zima akaunti, usiifute. Ukifuta, kumbukumbu za nani aliidhinisha nini hubaki zikielekeza kwa mtu asiyekuwepo, na ukiiunda upya kwa jina lilelile, Active Directory huipa kitambulisho kipya cha ndani, hivyo ruhusa za zamani hazirudi. Kuzima nako kuna mtego wake: mifumo mingi ya kwenye kivinjari huuliza saraka mara moja tu, mtu anapoingia. Aliyekwisha kuingia anaendelea kufanya kazi hadi kikao chake, yaani muda tangu aingie hadi mfumo umtoe, kife. Tiketi ya Kerberos, kibali anachopewa mtumiaji akishaingia ili asiulizwe nywila tena, kwa mpangilio wa kawaida huishi saa 10. Kwa hiyo vunja na vikao vilivyo wazi.

Kosa jingine hukaa kimya miaka: kumtambua mtumiaji kwa anwani yake ya barua pepe. Majina hubadilika kwa ndoa, na anwani ya aliyeondoka hupewa mwingine mwenye jina kama lake. Huyo mgeni anaingia na kukuta ruhusa za mwenzake zikimsubiri. Tumia namba isiyobadilika na isiyotolewa mara mbili. Barua pepe iwe taarifa tu.

Akaunti ya kuchangia, ile ya "mapokezi" inayotumiwa na watu watano, haiondoki kwa waraka. Watu huichangia kwa sababu kutoka na kuingia upya kunakula dakika mbili huku foleni ikisubiri. Punguza muda huo kwa kadi ya kugusisha au namba fupi ya siri kwenye kompyuta hiyo tu, na wataiacha wenyewe.

Kuhusu nywila nitakuwa mfupi. Kulazimisha watu kuibadilisha kila miezi mitatu huzaa Karibu1, Karibu2, Karibu3. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, 800-63B wa 2017, ulishauri kuachana na desturi hiyo: ibadilishwe kukiwa na dalili kwamba imevuja, na inapochaguliwa ilinganishwe na orodha ya nywila zilizokwisha kuvuja. Ihifadhiwe kwa Argon2id au bcrypt, njia za kuifumba nywila isisomeke hata ikiibwa, ukijua kwamba bcrypt huishia kwenye baiti 72 za mwanzo (herufi ya kawaida ni baiti moja).

Kufunga akaunti moja kwa moja baada ya majaribio matatu ni silaha mkononi mwa mtukutu: akijua jina la mkurugenzi, atamfungia nje kila asubuhi. Napendelea kuongeza muda wa kusubiri kila jaribio linaposhindwa. Na mtumiaji akijifungia tena na tena baada ya kubadilisha nywila, angalia simu yake kwanza. Mara nyingi ndiyo inayoendelea kujaribu ile ya zamani.

Hatua ya pili ya uthibitisho, yaani namba inayoulizwa baada ya nywila, kwa programu ya simu ni bora kuliko ujumbe mfupi, kwani laini ya simu inaweza kuhamishwa kwa ulaghai. Namba za programu hiyo kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa, basi saa ya seva ikikosea, namba sahihi zinakataliwa. Kerberos nayo kwa kawaida huvumilia tofauti ya saa ya dakika 5 tu. Wakikataliwa wote kwa pamoja, tazama saa, halafu cheti cha seva ya saraka, yaani faili lenye ukomo linaloithibitisha seva hiyo kwa mifumo mingine.

Cheti hicho kikiisha muda, na wewe msimamizi unafungiwa nje pamoja na wengine. Weka akaunti moja ya dharura isiyopitia saraka, nywila yake ndefu ndani ya bahasha iliyofungwa, na tahadhari itumwe kwa watu wawili kila inapotumika. Ijaribu kabla hujaihitaji.