Kabla ya Kumleta Mbwa wa Pili wa Jinsia Ileile

Madaktari wa mifugo huulizwa mara kwa mara na wafugaji wa mbwa kama mtu mwenye jike nyumbani amwongezee jike mwenzake au amletee dume. Mara nyingi muulizaji amekwisha kuamua kuchukua wa jinsia ileile, na sababu anayoitoa ni kwamba hataki watoto wa mbwa wasiotarajiwa. Sababu hiyo inaeleweka, lakini inakwepa tatizo lenye dawa na kukaribisha lingine ambalo dawa yake si ya uhakika. Mimba huzuilika kwa upasuaji mmoja wa kumhasi dume au kumfunga jike kizazi (yaani kumtoa ovari), ilhali ugomvi wa mbwa wawili wazima wanaoishi chini ya paa moja, ukishaota mizizi, unaweza kudai miezi mingi ya mafunzo, na wakati mwingine hauishi mpaka mmoja wao ahamishwe.

Wapo mbwa wengi wa jinsia moja wanaoishi pamoja kwa amani tangu siku ya kwanza hadi uzeeni. Hata hivyo, pale ugomvi unapozuka, suala la jinsia hujitokeza waziwazi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulichunguza jozi 38 za mbwa waliokuwa wakipigana nyumbani kwao na kukuta kwamba jozi 30 zilikuwa za jinsia moja, na kwamba takriban theluthi mbili ya jozi zote zilikuwa na jike angalau mmoja. Aidha, mara nyingi mwanzilishi wa ugomvi alikuwa mbwa mdogo kwa umri au yule aliyeingia nyumbani baadaye. Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu, kwa kuwa zinatokana na mbwa waliopelekwa kwa mtaalamu wakiwa tayari wana tatizo, kwa hiyo hazituambii ni jozi ngapi za jinsia moja hugombana kati ya zote zilizopo. Zinachotueleza ni mahali pa kuweka tahadhari.

Majike wawili ndio wanaohitaji tahadhari kubwa zaidi, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kwamba ukali ni sifa ya madume. Ugomvi wa madume aghalabu huwa na kelele na kujitunisha kwingi, na huweza kuisha bila jeraha kubwa. Ugomvi wa majike huelekea kudumu zaidi, kuacha majeraha ya kina na kuwa mgumu kusuluhishwa. Jike asiyefungwa kizazi huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, takriban kila baada ya miezi sita hadi saba, na katika siku hizo uvumilivu wake kwa jike mwenzake unaweza kupungua sana. Wiki kadhaa baada ya joto kupita, baadhi ya majike hupata mimba ya uongo: matiti hujaa, jike hujitengenezea kitanda pembeni, hukusanya vitu kana kwamba ni watoto wake na kumfukuza yeyote anayesogea. Mwenye mbwa asiyeijua hali hiyo huona jike wake mpole amegeuka mkali bila sababu.

Jambo la pili linalowapotosha wengi ni umri. Mtoto wa mbwa mwenye miezi mitatu huvumiliwa na wakubwa kwa mengi, na mwenye nyumba akiona miezi kadhaa imepita bila vita huhitimisha kwamba wawili hao wamekwisha kuzoeana. Mbwa hufikia utu uzima wa kijamii kati ya umri wa mwaka mmoja na mitatu, na hapo ndipo yule aliyekuwa akijilaza chali mbele ya mbwa mwenyeji, yaani aliyetangulia nyumbani, huanza kukataa kuondoka kwenye kitanda, kusimama mlangoni na kumzuia mwenzake, au kumkodolea macho bila kupepesa. Kwa hiyo jaribio halisi la uamuzi wako halitatokea katika wiki ya kwanza. Linaweza kuja mwaka mzima baadaye, wakati umekwisha kuacha kuwaangalia.

Dalili za ugomvi huwa nyepesi kabla ya kuwa nzito: mwili kukakamaa, mdomo uliokuwa wazi kufungwa ghafla, kidevu kuwekwa juu ya shingo ya mwenzake, mmoja kupita mbali ili asikutane na mwingine kwenye njia nyembamba ya nyumba. Mchezo wa kweli una sura tofauti, kwa kuwa mbwa wanaocheza huinamisha kifua huku wameinua nyuma, hubadilishana zamu ya kukimbizana na husimama kupumzika bila kulazimishwa.

Hapa inafaa kuzungumzia dhana ambayo imeleta madhara mengi, nayo ni kwamba mbwa wawili wanapigania utawala na kwamba mwenye nyumba amsaidie mmoja awe kiongozi. Dhana hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa mbwa mwitu (wale wanaoitwa "wolf" kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja, ulioandikwa na mtafiti Rudolf Schenkel mwaka 1947. Mwaka 1999 L. David Mech, aliyewachunguza mbwa mwitu porini kwa miongo kadhaa, alieleza kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia ya wazazi na watoto wao, si uwanja wa kuwania cheo. Mbwa wa nyumbani, nao, hugombana zaidi kwa sababu ya kitu mahususi: chakula, kichezeo, mahali pa kulala, msisimko wa mgeni anapobisha hodi, na zaidi ya yote ukaribu na mwenye nyumba. Kumlaza mbwa chini kwa nguvu au kumpiga anaponguruma humfundisha kwamba mwenzake akikaribia, maumivu yanakuja. Na anayeadhibiwa kwa kunguruma anaweza kuacha kunguruma na kuanza kuuma bila onyo.

Swali la kwanza, basi, si jinsia ya mbwa mgeni bali ni tabia ya mbwa mwenyeji. Mbwa ambaye huwakwepa au huwashambulia mbwa wengine anapowaona nje hatapendezwa na mwenzake wa kudumu, hata kama mwenye nyumba anaamini kwamba ana upweke. Mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo hataki kurukiwa na kijana. Ikiwa mwenyeji ni mtulivu na mwenye urafiki, bado ni heri kuchagua mgeni wa jinsia tofauti pale inapowezekana, na upasuaji ufanyike mapema. Na kama ni lazima awe wa jinsia ileile, tofauti ya umri na ya nguvu husaidia zaidi kuliko kufanana. Sishauri kuchukua ndugu wawili wa uzao mmoja kwa wakati mmoja, hasa majike, kwa sababu hukomaa pamoja na kuwania yaleyale katika umri uleule.

Kabla ya kuonana, mgeni apimwe na daktari, apate chanjo zake, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, na akae mbali na mwenyeji kwa takriban wiki mbili ili ugonjwa unaojificha, kama pavo (ugonjwa hatari wa virusi unaoshambulia utumbo), upate muda wa kujionyesha. Wakutane kwanza mahali ambapo hakuna kati yao anayepahesabu kuwa pake, kila mmoja akishikwa na mtu wake kwa kamba iliyolegea, wakitembea sambamba kwa umbali unaowaruhusu kutulia, kisha umbali upungue kidogokidogo. Kamba iliyokazwa humfanya mbwa asimame kifua mbele, na mwenzake huisoma hali hiyo kama changamoto. Nyumbani, vyombo vya chakula, mifupa na vichezeo viondolewe kabla hawajaingia pamoja. Kila mmoja ale chakula chake katika chumba chake au nyuma ya kizuizi, na utaratibu huo uendelee hata baada ya miezi ya utulivu. Pasipo mtu wa kuwaangalia, watenganishwe.

Upasuaji nao usitwishwe mzigo usio wake. Kumhasi dume hupunguza uzururaji na, kwa baadhi, ugomvi na madume wenzake, lakini tabia iliyokwisha kuzoeleka inaweza kubaki. Kwa jike, kufunga kizazi huondoa ugomvi unaofuata vipindi vya kuingia kwenye joto na mimba ya uongo, ila hakutibu uhasama unaotokana na woga au kulinda vitu. Mbwa mzima anayebadilika ghafla apelekwe kwa daktari kabla ya kupelekwa kwa mkufunzi, kwa maana jino bovu, sikio lenye uvimbe au nyonga inayouma hubadilisha tabia upesi.

Wakipigana, usiingize mkono katikati wala usishike ukanda wa shingoni, kwa kuwa mbwa aliyepandwa na hasira huuma chochote kinachomgusa. Wamwagie maji, tupa blanketi juu yao au sukuma ubao kati yao, kisha wafungie vyumba tofauti bila kuwapatanisha siku hiyo. Tundu dogo la jino kwenye ngozi linaweza kuficha jeraha la kina, kwa hiyo wote wawili wakaguliwe na daktari. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya tathmini ya kichaa cha mbwa.

Pambano moja la kelele lisiloacha jeraha halimaanishi kwamba wawili hao wameshindwana. Mapambano yanayorudi kwa kasi zaidi, yenye majeraha, au yanayoanza kwa mmoja kumwona tu mwenzake akiingia chumbani yanahitaji mtaalamu wa tabia za wanyama mara moja, na yeye ndiye atakayewasaidia kuamua kama utengano wa kudumu ndani ya nyumba unawezekana au kama mmoja atafutiwe makazi ambayo atakuwa mbwa wa pekee.