Podikasti ya uchaguzi ya kujitolea hapa Kusini: tunavyodhani na ilivyo kweli

Nikikaa na vijana wa hapa Mtwara wanaotaka kuanzisha podikasti ya uchaguzi, swali la kwanza huwa ni maiki gani tununue, la pili studio tukodi wapi, na la leseni au la nani ataediti baada ya miezi mitatu watu wakishachoka halijitokezi kabisa. Kwa hiyo naandika hapa zile dhana ninazozisikia sana, kuanzia Chikongola mpaka Masasi mpaka kwa jamaa wa Lindi, alafu na hali halisi ilivyo.

Eti podikasti ni video ya YouTube

Siku hizi mtu ukimwambia podikasti picha inayomjia ni sofa, taa za rangi na maiki kubwa kama tunda la stafeli mbele ya mdomo. Hiyo ni fasheni tu wadau. Podikasti ni sauti, unaiweka sehemu mtandaoni na wanaoifuatilia wanaipata wenyewe kila ukitoa mpya kwa njia ya RSS, ni teknolojia ya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Apple waliiingiza kwenye iTunes 2005, YouTube yenyewe hata mwaka ilikuwa haijatimiza. Kwa nini nasisitiza sauti? Bando. Piga hesabu: maongezi ya nusu saa ukiyahifadhi kwa MP3 ya mono, kilobiti 64 kwa sekunde, faili linakuja MB 14 na ushee. Video ya nusu saa hiyo hiyo itakula zaidi ya hapo hata ukiiangalia kwa kiwango cha chini, na msikilizaji wako yuko Kitangari au Nanyamba ananunua bando la siku, hawezi kulimaliza kwa ajili ya kuangalia sura zenu.

Na simu inatosha kurekodia. Chumba chenye godoro na mapazia kinashinda ofisi yenye marumaru na vioo, zima feni, weka simu karibu na mdomo kidogo kwa pembeni, alafu Audacity ni ya bure kwenye kompyuta kwa kuediti. Haya imetosha, maiki tumemaliza.

Eti sisi hatulipwi kwa hiyo sheria haituhusu

Hii ndo hatari kuliko zote na ndo nitakaa hapa kidogo. Watu wanadhani leseni ni ya wafanyabiashara, ukishasema "tunajitolea" basi TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hawakujui. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, zilizofanyiwa marekebisho 2022, zinaangalia unachokitoa. Habari na matukio zina leseni yake, na kipindi kinachojadili wagombea na kampeni kila wiki ni vigumu sana kukiita burudani. Wengi bado wana hofu ya zile ada za mwaka 2018, zile zilizozidi milioni mbili ukijumlisha maombi na leseni ya mwaka, mabloga wengi wakafunga, ila ada zimeshabadilishwa tangu wakati ule kwa hiyo usikate tamaa kwa bei ya 2018, nenda ukaulize ya sasa hivi kabla hujarekodi hata dakika moja.

Njia nyingine ambayo watu hawaifikirii ni kwenda kwenye redio ambayo tayari ina leseni. Kusini hatukosi, hapo Naliendele tu kuna Jamii FM. Mnakubaliana mnawatengenezea kipindi, kinapita kwenye redio alafu sauti hiyo hiyo inakwenda mtandaoni kwa jina lao. Mnapoteza uhuru kidogo, mhariri wao atakata vitu, lakini mhariri anayekata vitu kwenye mambo ya uchaguzi mi namuona ni faida.

Kuna kibali kingine pia. Ukianza kufundisha watu namna ya kupiga kura, kujiandikisha, nini kinaharibu kura, hiyo ni elimu ya mpiga kura, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ndo inasimamia na kutoa vibali kwa asasi zinazoitoa. Kundi la WhatsApp la watu saba wenye moyo mzuri sio asasi. Mkiwa chini ya asasi iliyosajiliwa, au mkashirikiana nayo, mlango unafunguka, mkiwa hivi hivi mnabaki kwenye kujadili na kuhoji.

Alafu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo, na hakina kipengele cha "tulikuwa tunajitolea". Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo, kwa hiyo ile tabia ya kusoma hewani jina na namba ya kadi ya mtu aliyelalamika kwamba hajaona jina lake kwenye daftari, iacheni.

Eti tuanze kampeni zikianza

Kampeni zikianza mmeshachelewa. Angalia mfano: mwaka 2024 uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 27, kujiandikisha kwenye orodha ya wapiga kura ilikuwa Oktoba 11 mpaka 20, siku kumi basi. Watu wengi walikuwa na kadi ya mpiga kura mfukoni wakajua wamemaliza, kumbe ile orodha ya mtaa au kijiji ni kitu tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na uchaguzi ule ulisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa, sio Tume. Podikasti inayoanza Novemba hapo ingemsaidia nani? Episodi muhimu kuliko zote ilitakiwa itoke Septemba.

Na sisi Kusini tuna kalenda yetu. Uchaguzi mkuu umekuwa Oktoba mfululizo, tarehe 25 mwaka 2015, 28 mwaka 2020, 29 mwaka 2025, na Oktoba hapa ni korosho. Watu wako shambani wanaokota, wanasubiri mnada, wanafuatilia bei ya vyama vya ushirika vya korosho, TANECU na MAMCU, kule Ruangwa na Nachingwea wanafuatilia RUNALI, na hao wanaojitolea kwenye podikasti yenu nusu yao pia wana mikorosho ya wazazi. Ukipanga episodi mbili kwa wiki mwezi wa kumi unajidanganya. Rekodini zile za maelezo mapema, kazi ya diwani ni ipi, mbunge anafanya nini, rais anapatikanaje kwa kura nyingi tu bila kulazimika kufika nusu, mziweke tayari tangu mwezi wa sita au wa saba wakati watu wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, Oktoba mbaki na kipindi kimoja kifupi cha wiki.

Eti haki ni kumpa kila mgombea dakika kumi

Inasikika vizuri, ikifika kwenye utekelezaji inavunjika siku ya kwanza. Mmoja anakuja na wapambe kumi, mwingine hapokei simu, wa tatu anataka maswali atumiwe wiki moja kabla, na kuna sehemu mgombea ni mmoja tu, kama 2020 Ruangwa na Mtama wabunge walivyopita bila kupingwa, sasa hizo dakika kumi za mwenzake unampa nani?

Kinachofanya kazi ni mwaliko wa aina moja kwa wote, kwa maandishi, mwisho wa kujibu uwe tarehe ile ile kwa wote, maswali yale yale, na asiyekuja unasema hewani kwamba alialikwa hakuja, basi, bila kejeli. Mialiko mtunze. Siku mtu akija juu kwamba mmempendelea fulani mnatoa ushahidi, na atakuja tu, hii ni siasa bana.

Wala usidhani wasikilizaji wako ni wa upande mmoja. Mwaka 2015 Mtwara Mjini na Tandahimba walichagua wabunge wa CUF, 2020 Mtwara Mjini ikarudi CCM, na mitaa ni ile ile. Kuwa na kadi ya chama sio kosa kwa anayejitolea, ila mtangazaji anayeonekana jukwaani na fulana ya kampeni Jumamosi alafu Jumatatu anahoji wagombea, huyo mpeni kazi ya kuediti, na hata huko kuediti mtu mwingine asikilize kabla haijatoka.

Mgombea akijitolea kuwanunulia vifaa? Hapana. Hata akisema ni zawadi. Kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inayotaka wagombea na vyama waeleze wanavyotumia hela, na zaidi ya sheria, ni nani ataamini swali lako gumu ukiliuliza kwa maiki yake?

Eti wanaovuta ni wabunge na mambo makubwa ya kitaifa

Kila mtu anataka episodi ya gesi. Naelewa, vurugu za 2013 za kupinga gesi kupelekwa Dar kwa bomba watu hawajazisahau na hawatazisahau leo. Lakini diwani anayeahidi kuturudishia bomba la gesi anaongea kitu kisicho chake, na mtangazaji asiyejua mgawanyo wa madaraka anamwacha anatiririka dakika ishirini. Muulize ushuru wa mazao unaoingia halmashauri kutoka kwenye korosho umekwenda wapi mwaka jana, au kama ni kule kwenye gesi, Kilwa kwa Songosongo au Mtwara vijijini kwa Mnazi Bay, muulize ushuru wa huduma unaolipwa na makampuni umejenga nini na kata gani. Hayo ndo yanapita kwenye baraza la madiwani. Kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa magendo, vile vile, wakulima wanaumia nayo kila msimu, muulize yeye kwenye kata yake atafanya nini kabla hajaanza hotuba ya bei ya soko la dunia.

Eti watu wakiwa wengi kazi inakuwa nyepesi

Mkutano wa kwanza watu ishirini, picha ya pamoja, kundi la WhatsApp lina jina zuri. Kazi yenyewe inataka watu wanne watano tu wanaojulikana nani anafanya nini: wa kutafuta wageni, wa kuhakiki maelezo, wa kurekodi na kuediti, wa kusambaza, na mmoja mwenye neno la mwisho kama episodi itoke au isitoke. Kila mmoja awe na mtu anayejua password zake, maana anayejitolea akipata ajira Dodoma anaondoka na akaunti yote. Na kujitolea hakuna maana ya bure, bodaboda ya kwenda Mikindani mtu hailipi kwa uzalendo, tengeni hela ya nauli na bando, hata kama ni mchango wenu wenyewe.

Eti siku ya kura tutarusha matokeo

Msirushe. Matokeo ya ubunge anatangaza msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, ya urais Tume. Ninyi mna simu za marafiki walio vituoni, na namba za vituo vitatu vya mjini hazisemi chochote kuhusu jimbo zima, zikikosewa moja tu mmekwisha. Siku hiyo elezeni hatua, kura zinahesabiwa wapi, zinajumlishwa wapi, na ya urais yakishatangazwa na Tume Katiba ibara ya 41(7) inasema mahakama haiwezi kuyachunguza, kitu ambacho Mahakama ya Afrika ilishasema 2020 kwamba hakiendani na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Hiyo peke yake ni episodi nzima.

Tena mnaweza msiwe hewani kabisa. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo mpango unaotegemea laivu siku ile sio mpango. Yaliyo muhimu yawe yameshawafikia watu mapema kwenye simu zao: WhatsApp, Bluetooth, na wale vijana wa stendi wanaoingizia watu nyimbo kwenye memori kadi, wapeni faili zenu waziingize bure.

Mbili za haraka

Muziki: ile ya kwamba sekunde thelathini za wimbo wa mtu hazina shida ni hadithi, sheria ya hakimiliki haina namba hiyo. Tafuteni mpiga ngoma wa hapa hapa, mkubaliane kwa maandishi.

Na ile ya kwamba uchaguzi ukiisha podikasti imeisha. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe, baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Mtu mmoja na daftari akikaa nyuma pale mnapata episodi nne kwa mwaka bila kumbembeleza mgeni yeyote, na 2029 serikali za mitaa zikirudi mnakuwa na rekodi ya nani aliahidi nini na alisema nini barazani.