Rangi na Sauti kwa Moyo Ulioelemewa: Namna ya Kutumia Sanaa na Muziki Bila Kujiumiza

Mtu mwenye huzuni nzito akiwekewa karatasi na rangi mbele yake, mara nyingi hutangulia kuomba radhi kwamba hajui kuchora. Hilo halina uzito hapa. Katika tiba ya sanaa hakuna anayepima uzuri wa mchoro. Mistari mitatu iliyokwaruzwa kwa hasira inaweza kumfaa aliyeichora kuliko ua lililopambwa ili kumpendeza mtazamaji. Kinachotafutwa ni hisia itoke, ikae juu ya karatasi, na mwenye nayo aweze kuitazama bila kumezwa nayo.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Tiba ya sanaa na tiba ya muziki ni kazi za wataalamu waliosomea, wanaokubaliana na mgonjwa lengo la vikao na kufuatilia maendeleo yake. Kuchora, kuimba au kusikiliza muziki nyumbani ili kutuliza moyo ni kujihudumia. Yote mawili yana faida, lakini mipaka yake si ileile, na madhara mengi hutokea pale mtu anapojaribu kufanya peke yake kile kinachohitaji mtaalamu.

Jina la tiba ya sanaa lilianza kutumiwa mwaka 1942 na Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza ambaye aligundua nafuu ya kuchora alipokuwa akiuguzwa kifua kikuu. Upande wa muziki, wanamuziki walikuwa wakienda kuwapigia wanajeshi waliojeruhiwa katika hospitali za Marekani, na ikaonekana kwamba kupiga ala kwa ustadi hakutoshi kama humwelewi mgonjwa. Mwaka 1944 Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kikaanza kufundisha tiba ya muziki kwa ngazi ya shahada.

Je, mwili nao unaitikia? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga au kubandika picha, kisha wakapima kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, kwenye mate yao kabla na baada. Kwa takribani asilimia 75 ya washiriki ilishuka, na waliozoea sanaa hawakuwapita wasioizoea. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo usichukuliwe kuwa ahadi. Kwa muziki, uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikusanya tafiti 9 zenye washiriki 421. Ulionyesha kwamba tiba ya muziki ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), dalili hupungua zaidi kwa kipindi kifupi kuliko matibabu hayo yakiwa peke yake. Tuseme wazi: ikiongezwa. Usiache dawa wala ushauri nasaha kwa sababu umeanza kuchora.

Uchaguzi wa vifaa ndio unaopuuzwa kuliko yote, nao ndio unaoamua kikao kitakwenda vipi. Penseli, kalamu ya wino na picha zilizokatwa kwenye magazeti ya zamani humpa mtu udhibiti, kwa kuwa mkono unapoamua ndipo mstari unapoishia. Rangi ya maji, rangi ya kupaka kwa vidole na udongo uliolowa sana havishikiki. Vinatiririka, vinachanganyika, na hisia hutiririka navyo. Mtu aliyefunga moyo, asiyesikia chochote, anaweza kusaidiwa na rangi ya maji. Lakini aliyejaa hofu au anayelia bila kujizuia akipewa brashi iliyolowa na karatasi kubwa, huzidi kuvurugika. Huyo mpe penseli na karatasi ndogo, nusu ya ile ya kawaida ya kuandikia, na mduara uliokwisha kuchorwa ili achore ndani yake. Ule mpaka wa mduara unamshikilia. Udongo mgumu kiasi nao ni mzuri kwa hasira, maana unaruhusu kukandwa, kupigwa na kubinywa bila kuharibu kitu.

Kikao cha nyumbani kisizidi dakika 45. Kabla ya kuanza, jipe alama kati ya 0 na 10 ya ukali wa hisia uliyo nayo na uiandike nyuma ya karatasi pamoja na tarehe. Ikiwa ni 8 au zaidi, usichore tukio lililokuumiza siku hiyo; jaza tu maumbo kwa rangi, au chora mahali unapojisikia salama. Dakika 5 za kwanza ni za mikono: kwaruza, chora mawimbi, bila kutafuta picha. Dakika 25 zinazofuata ni za kazi yenyewe, kwa swali moja dogo, kwa mfano: uchovu huu ungekuwa na rangi gani, na umekaa wapi mwilini? Usifute. Kufuta humrudisha mtu kwenye kujihukumu. Ukikosea, endelea juu ya kosa.

Dakika 15 zilizobaki ni za kufunga, na ndizo watu wanazoruka. Weka mchoro hatua mbili mbali nawe, uutazame, uupe jina la neno moja au mawili. Jiulize kama kuna kitu kinachohitaji kuongezwa ili uweze kuuacha: ukuta, mlango, mtu wa kukaa karibu. Kisha ufunike, nawa mikono kwa maji baridi, na ujipe alama tena. Aliyefungua jeraha bila kulifunga huondoka nalo hadi kitandani, ndiyo maana wengine hulalamika kwamba kuchora kuliwanyima usingizi.

Muziki nao una utaratibu wake. Kosa la kawaida ni kumwekea mwenye huzuni wimbo wa shangwe ili achangamke. Moyo wake unaukataa, naye hujiona mpweke zaidi. Tangu miaka ya 1940, daktari wa akili Ira Altshuler alifundisha kuanza na muziki unaofanana na hali ya mgonjwa, kisha kuusogeza polepole kuelekea hali inayotakiwa. Panga nyimbo 6. Kwa mwenye wasiwasi, mbili za kwanza ziwe na kasi ya mapigo 110 hadi 120 kwa dakika, mbili za kati karibu 90, na mbili za mwisho kati ya 60 na 80. Kujua kasi ni rahisi: gonga mguu kwa sekunde 15, hesabu, zidisha kwa 4. Za mwisho ziwe ala tupu, kwani maneno hubeba kumbukumbu. Wimbo uliopigwa siku ya msiba au ya tukio baya usiwemo kabisa.

Kuimba au kuvumisha sauti midomo ikiwa imefumbwa kuna faida ya ziada, kwa sababu pumzi inayotoka huwa ndefu kuliko inayoingia, na mwili hutulia kwa kufuata pumzi hiyo. Dakika 5 zinatosha kuanzia. Ila chunga nyimbo za huzuni zinazorudiwa. Kulia kidogo na wimbo kisha kujisikia mwepesi ni nafuu; kuurudia mara ya nne huku alama yako ikipanda ni kuchokonoa kidonda. Zima, simama, tembea.

Kwa watoto, tunawasihi wazazi na walimu waache kubashiri. Rangi nyeusi si ushahidi wa huzuni. Pengine ndiyo kalamu iliyokuwa karibu. Usiulize "Hii ni nini?" kwa sauti ya mpelelezi. Sema, "Nieleze kuhusu mchoro wako," kisha nyamaza usikilize. Usiubandike ukutani bila ruhusa yake.

Acha kikao mara moja ukianza kuona tukio la zamani kana kwamba linatokea sasa, ukihisi umetoka nje ya mwili wako, au ukianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Weka nyayo sakafuni, taja vitu vitano unavyoviona chumbani, mwite mtu unayemwamini. Mambo hayo, pamoja na sonona inayodumu zaidi ya wiki mbili, yanahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Fikra za kujiua hazingoji miadi: nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usiende peke yako. Baadaye, utakapoonana na mtaalamu, mpelekee michoro yako yenye tarehe na alama. Itamwonyesha mengi ambayo huenda wewe bado huna maneno ya kuyasema.