Ukumbi wa umma katikati ya Kisumu: tuanze na kalenda

Mwambie mkazi yeyote wa Kisumu kwamba jiji linahitaji ukumbi mkubwa wa umma katikati ya mji, na ni wachache watakaokupinga. Mimi pia nautaka, tena sana. Kazi yangu ni ukadiriaji wa gharama za ujenzi: msanifu akishachora, mimi hugeuza mchoro wake kuwa saruji, nondo, siku za mafundi na hatimaye shilingi. Kila mtu huniuliza ukumbi utajengwa kwa kiasi gani. Ni nadra kuulizwa nani atalipa stima, maji, mlinzi na mfagizi mwaka wa tano baada ya utepe kukatwa. Hilo ndilo swali linaloamua uhai wa ukumbi, na ndilo ninalotaka tulizungumze.

Tuseme jengo limegharimu shilingi bilioni 1. Kanuni inayotumiwa na wengi katika fani yetu husema kila mwaka utenge asilimia 2 hadi 4 ya thamani ya jengo kwa matengenezo peke yake. Hiyo ni milioni 20 hadi 40, kabla hujalipa mshahara wa mtu mmoja wala bili ya umeme. Zitatoka wapi? Miji mingi ya Marekani huendesha vituo vyake vya mikutano kwa hasara, kisha hufidia pengo kwa kodi ya vyumba vya hoteli. Kaunti zetu hazina njia hiyo. Ile tozo ya asilimia 2 inayolipwa na hoteli na mikahawa huenda kwa Hazina ya Utalii, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeiachia kaunti kodi za ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa. Kukopa nako, kwa mujibu wa kifungu cha 212, kunataka dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Kwa hiyo ukumbi utategemea mgao kutoka Nairobi, mapato ya ndani, na kile utakachoingiza wenyewe.

Hapo kwenye kile utakachoingiza wenyewe kuna tatizo ambalo wananchi wengi hawalioni. Kifungu cha 207 kinataka pesa zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imeziruhusu kukaa kando. Maana yake, harusi ya Jumamosi ikilipia ukumbi, pesa zile huondoka. Jumatatu taa za jukwaani zikiungua, meneja hana senti ya kununua nyingine. Anaandika barua, anasubiri bajeti. Baada ya miaka michache taa moja imekuwa taa zote, vyoo viwili vimefungwa, na wapangaji wazuri wamehamia hotelini. Dawa ipo katika sheria. Kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaruhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu wa umma, ukiidhinishwa na kamati kuu ya kaunti na bunge lake. Mfuko huo, utakaotunza mapato ya ukumbi, uundwe kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, na kanuni zake ziseme wazi meneja anaweza kutumia nini bila kuomba ruhusa. Kama ningelazimika kuchagua jambo moja la kupigania katika mradi mzima, ningechagua hili.

Sasa kalenda. Kabla ya kuamua ukubwa, chukua karatasi yenye miezi 12 uandike nani atakuwa ndani kila siku. Mei 2022 Kisumu ilipokea Africities, mkutano mkubwa wa miji ya Afrika, kule Mamboleo, ikawa mji wa kwanza wa ukubwa wa kati kuuandaa, nami nilijivunia kama mkazi yeyote. Lakini ugeni wa namna hiyo huja mara moja kwa muda mrefu. Ukumbi wa katikati ya mji ukipimwa kwa ugeni huo, siku nyingine zote za mwaka utakuwa chumba kitupu kinachokula umeme. Watumiaji wa kweli tunawajua: warsha za mashirika siku za kazi, vyama vya ushirika na mikutano yao mikuu, kwaya, tamasha za muziki na drama za shule, harusi za Desemba, kamati za mazishi zinazokutana jioni kuchanga, harambee, mahafali, vijana wanaotaka sakafu ya kuchezea dansi Jumanne saa kumi. Ukishawaandika wote utaona kwamba siku nyingi zinahitaji vyumba vitatu vya watu 200, na siku chache tu zinahitaji chumba kimoja cha watu 1,000.

Kalenda hiyo ndiyo inayochora jengo. Sakafu iwe bapa, bila ngazi za viti vya kudumu, na kuta za kati ziwe za kukunja. Kuta hizo ni nzito na huning'inia kutoka juu, kwa hiyo mhandisi azibebe katika hesabu za paa tangu siku ya kwanza. Kuziongeza baadaye ni kubomoa. Watu wakikaa kwa safu, kila mmoja anataka karibu mita moja ya mraba. Wakikaa kwenye meza za mviringo kula, wanataka hadi mita moja na nusu. Wageni 1,000 wa karamu ni kama mita za mraba 1,500, na bado hujahesabu baraza ya kupokelea watu, jiko, na stoo ya viti. Nasisitiza stoo. Ndiyo hukatwa ya kwanza bajeti ikibana, kisha viti hurundikwa kwenye njia ya kutokea dharura. Vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, na njia za viti vya magurudumu zisizidi mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 12.

Hali ya hewa ya Kisumu nayo ina neno. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua hupita utosini, na kuta zinazochomwa ni za mashariki na magharibi. Upande mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini, paa litokeze mbele kufunika madirisha, na upepo wa ziwa wa alasiri upewe pa kupita. Viyoyozi vibaki kwa siku za joto kali na ukumbi ukijaa. Mvua kubwa za alasiri ndizo mtihani mwingine. Mabati matupu yakinyeshewa, hata mwenye kipaza sauti hasikiki. Tabaka la kuzuia kelele chini ya mabati linaongeza gharama ya paa, nami huliweka katika makadirio bila kusita.

Kuhusu mahali, nataka umbali wa kutembea kutoka steji kuu ya mabasi, ili mama wa Nyalenda au Obunga afike bila kulipa tuktuk mara mbili. Hatimiliki iwe imesomeka kwa jina la kaunti kabla ya zabuni kutangazwa. Mwenye ndoto ya mnara mrefu akumbuke kwamba uwanja wa ndege uko karibu, na urefu unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ofisi za kupangisha, hata za orofa chache, ni wazo zuri hata hivyo: KICC, jumba la mikutano la Nairobi lililofunguliwa 1973, lina mnara wa wapangaji pamoja na kumbi zake, na kodi ya ofisi huingia hata mwezi usio na mkutano.

Ujenzi wenyewe ugawanywe kwa awamu ambazo kila moja inatumika ikiwa peke yake. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, mgao kutoka Hazina ya Kitaifa hauji kwa wakati kila mara, na mkandarasi asiyelipwa huondoka na mashine zake. Vyumba vitatu vidogo, jiko na vyoo vikikamilika kwanza, vinaanza kupangishwa huku ukumbi mkubwa ukisubiri.

Mwananchi ana nafasi ya kusema haya kwa tarehe zinazojulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katika vikao vya maoni mtaulizwa kama mnautaka ukumbi. Jibuni ndiyo, kisha ombeni kuonyeshwa karatasi mbili: kalenda ya matumizi ya mwaka mzima, na rasimu ya kanuni za mfuko, ikiwa na ada ya kikundi cha mtaa ikiwa imeandikwa kando ya ada ya kampuni.