Je, wajua kwa nini bia ikipozwa hunyonya maji ya kizibo chake?

Wanaotengeneza bia nyumbani, hasa Marekani na Uingereza, wanaifahamu kero hii. Bia imemaliza kuchachuka kwenye ndoo, inaingizwa kwenye friji ili hamira na uchafu mwingine vizame chini na bia ing'ae. Kesho yake, kile kizibo kidogo cha plastiki kilichosimama juu ya mfuniko kinakutwa kikavu. Maji yake hayakumwagika wala hayakukauka. Yamenyonywa yakaingia kwenye bia.

Kizibo hicho ni kibomba kilichopitishwa kwenye kikombe chenye maji ya kina cha sentimita mbili au tatu. Hamira inapokula sukari ya kimea hutoa kabonidayoksaidi, gesi inatoka kwa mapovu kupitia maji hayo, na hewa ya nje inabaki nje. Mpango huu unakwenda vizuri maadamu msukumo unatoka ndani. Msukumo ukigeuka, maji nayo yanageuka.

Kinachougeuza ni mambo mawili. La kwanza wengi wanalijua: gesi ikipoa husinyaa. Kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi nyuzi 2, inapungua kama asilimia 6. Ndoo yenye lita 20 za bia na nafasi ya lita 5 juu yake itapoteza takriban theluthi moja ya lita. Ni kidogo, lakini kama chombo ni kigumu na hakijipindi, upungufu huo unatosha kupandisha maji kwenye bomba la mpira kimo cha nusu mita. Sentimita tatu za maji haziwezi kuuzuia.

La pili ndilo zito zaidi, na husahaulika. Kimiminika cha baridi hushika gesi nyingi kuliko cha moto; ndiyo maana soda iliyokaa juani hufoka ukiifungua. Lita moja ya bia kwenye nyuzi 20 hushika takriban lita 0.85 za kabonidayoksaidi, na kwenye nyuzi 2 hushika kama lita 1.6. Kwa hiyo lita 20 zikishapoa zina nafasi ya kumeza lita 15 zaidi, mara tatu ya gesi yote iliyo juu yake. Hazimezi zote kwa mkupuo, maana gesi huingia polepole kupitia uso wa bia, lakini mvuto unaendelea hata baada ya baridi kutulia.

Vijiko viwili vya maji ya kizibo, yakiwa safi au yametiwa dawa ya kuua vijidudu iliyochanganywa kwa kipimo sahihi, haviharibu bia. Bomba la mpira lililotumbukizwa kwenye jagi la maji, ambalo wengine hulitumia badala ya kizibo, ni hatari zaidi, kwa sababu linaweza kunyonya sehemu kubwa ya maji ya jagi. Lakini mimi naona adui mkubwa ni kile kinachofuata maji yakiisha: hewa yenye oksijeni. Bia yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) hupoteza harufu yake, rangi inageuka kuwa ya kahawia, na ladha ya boksi la karatasi inajitokeza. Mbege ya Kilimanjaro haina shida hii, kwani hunywewa ingali mbichi na inachachuka. Bia ya kuhifadhiwa wiki kadhaa haina bahati hiyo.

Kizibo chenye umbo la S kinasaidia kwa maji tu: kikijazwa hadi alama yake, hewa hupita kwa mapovu bila maji kuvutwa. Oksijeni bado inaingia. Kuziba kabisa nako kuna hatari yake, kwani mfuniko wa ndoo hubonyea na chupa kubwa ya plastiki hujikunja. Hata matangi ya chuma ya viwandani huwekewa vali ya kuingiza hewa ili yasibonyezwe na hewa ya nje.

Njia ninayoiamini ni kuipa bia gesi yake yenyewe. Lita 20 za bia yenye kileo cha asilimia 5 hutoa takriban lita 400 za kabonidayoksaidi, karibu zote zikipotea hewani. Hamira ikiwa bado kwenye kasi, na hewa ya mwanzo imeshafukuzwa, unganisha mpira na puto la karatasi ya plastiki yenye utando wa metali, lile la sherehe. Puto la kawaida la mpira huvujisha gesi. Likishajaa nusu au zaidi, bana mpira hadi siku ya kupoza, kisha uachie: chombo kitavuta kutoka kwenye puto, nalo litasinyaa taratibu. Lichague kubwa, maana likiisha kabla bia haijashiba, hapana budi uubane mpira tena na kuangalia kama mfuniko umeanza kubonyea.